Mjomba Hakuziamini Pumzi Zangu

Uani kwa Mjomba Sefu, kule Chumbageni, kulikuwa kunanuka nyuzi za mkonge zilizolowa jasho. Ndizo alizojazia gunia letu la ngumi, zile mbovu zinazotupwa kiwandani, na kila ukilipiga lilitoa harufu chachu ya kuganda puani. Nilikuwa darasa la saba, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kupanda ulingoni siku ya Idd Kubwa na kumaliza raundi zangu tatu mbele ya watu wa mtaani.

Mjomba alijifunza ngumi jeshini, na alikuwa na desturi yake. Baada ya kila zoezi alikuuliza, "Imekaaje?" nawe ujibu kwa chakula. Zoezi jepesi ni uji, hapo unaongezewa. La kutafunika ni ugali. Unaendelea hivyo hivyo. Likikushinda ni kopa, ule muhogo mkavu wa kuvunja meno, na hapo unakaa. Sheria nzuri, sikatai. Ila Mjomba hakumwamini mtu. Rafiki yake jeshini alisema yu mzima baada ya pambano, akalala, hakuamka. Tangu hapo, kwa Mjomba kila uji ulikuwa kopa iliyofichwa.

"Uji, Mjomba."

"Mwongo. Kaa."

"Wallahi naweza!"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaa, baba."

Mwenzangu Yohana, ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kukata mkonge Pongwe, alinicheka mpaka akashika mbavu. "We sema kopa tangu mwanzo, tukapumzike kivulini. Unagombania jasho kama shamba la urithi?" Mimi sikucheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kifua kilikuwa changu. Nilizisikia pumzi zimebaki tele, mtu ananiambia zimekwisha. Nikaanza kukimbia peke yangu alfajiri, angalau nichoke ninavyotaka mwenyewe.

Siku ya Idd nikapewa kijana wa Mkwaja, mikono mirefu kama makasia. Raundi ya kwanza alinichapa. Ya pili nikamzoea, nikamwona anaanza kuvuta hewa kwa mdomo, magoti yanamlegea. Mwishoni akanipasua mdomo, kidogo tu. Nikarudi kwenye kona yetu, Mjomba akaniinamia.

"Imekaaje?"

"Uji, Mjomba! Yeye ndiye aliyechoka, mtazame!"

Hakumtazama. Aliitazama damu yangu, akaitupa taulo ulingoni, pambano likaishia hapo. Watu wakazomea: "Mrudisheni kwa mamaye akanyonye!" Nililia kwa hasira, na Mjomba huku ananifuta, hana haraka. "Utaniona mbaya," akasema, "lakini utaniona."

Sasa nimemaliza sekondari, napigana katika kilabu cha ngumi mjini. Mwalimu wetu ana saa na filimbi, haulizi mtu hali yake. Juma lililopita nimepigwa raundi zote tatu, jicho likafumba, nimeshindwa waziwazi, na usingizi nimelala mzuri. Ile ya Idd ndiyo inayonikera. Yule kijana wa Mkwaja siku hizi ni seremala hapa Tanga. Tukikutana sokoni hunishika bega, akaniambia kwa kicheko kwamba raundi ya tatu asingeiweza, miguu ilikuwa imekwisha. Anadhani ananifariji. Namwitikia, naondoka na kapu langu. Jambo lile halikuwa la kuambiwa na mtu.