Mkono wa Kulia wa Tenah Mingo

Ukishuka gatini Port Drayton na njaa yako, mikahawa ya mtaa wa mbele yenye nguzo nyeupe ilikuwa ya Wazungu, si yetu. Kule tulipika, hatukukaa. Sisi tulizunguka nyuma ya kiwanda cha chaza, tukapita lundo la makombe lililopita paa kwa urefu, tukaingia kwa Tenah Mingo. Nyumba ya mbao, meza tatu ndefu, jiko kubwa la chuma ukutani. Wali mwekundu wa nyanya, kamba wa kukaanga, kaa, bamia. Aliyekwambia mji ule una chakula kizuri kuliko hicho, ama hajala, ama ana ugomvi na Tenah. Na wenye ugomvi naye walikuwa wengi.

Alizaliwa kisiwani, ng'ambo ya mto. Akiwa na miaka tisa alishasimama kiwandani na wanawake wakubwa, anafungua chaza kwa kisu. Gamba la chaza hukata kuliko kisu chenyewe. Vidole vyake vilijaa makovu kabla havijamaliza kukua. Nyumbani baba yake alimpiga kwa kamba ya nyavu, asubuhi na jioni, kwa kosa na bila kosa.

Alipoolewa na Renty Mingo, wiki ya pili Renty akamzaba kofi. Tenah hakulia. Alitoka nje, akachukua lile koleo refu la kuvulia chaza, akarudi nalo, akamvunja ubavu mmoja. Renty alilala chali siku kumi na mbili, na huyo huyo Tenah akamnywesha supu kwa kijiko. Baada ya hapo waliishi vizuri miaka kumi na tisa. Nyumba ya chakula waliijenga wenyewe, ubao kwa ubao, mpaka homa ikamchukua Renty. Watoto hawakujaliwa.

Mwaka haukuisha, akaja Abram, mdogo wake Renty, nahodha wa mashua ya kuvulia kamba. Alikuja Alhamisi adhuhuri, meza zimejaa wanawake wa kiwandani na aproni zao zilizolowa. Hakusalimia mtu.

"Shemeji, umepika vya kutosha," alisema. "Jumatatu nataka funguo."

Tenah alikuwa anakaanga samaki. Hakugeuka. "Funguo za nini?"

"Za nyumba ya kaka yangu. Naleta mapipa."

Kila mtu alijua ni mapipa gani. Abram alikuwa na mtambo wa pombe kali msituni, na alichokosa ni mahali pa kuuzia.

"Nyumba hii Renty alipanda juu na nyundo, mimi nikampa misumari," Tenah alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa baharini."

"Ulikuwa jela, shemeji. Usiipambe."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Rinah Chaplin, mwanamke mnene aliyekuwa akiwaongoza wenzake kwa nyimbo kule kiwandani. Alicheka mpaka wali ukamtoka mdomoni. Hicho kicheko ndicho kilichomponza Tenah. Abram angeweza kustahimili tusi. Kuchekwa na wanawake, la.

Alipiga teke meza ya kwanza, sahani zikaruka. Alishika sufuria ya wali akaibamiza ukutani. Tenah akamfuata na upawa, akamtandika juu ya jicho, damu ikashuka. Abram akamkamata kifundo cha mkono wa kulia, akamvuta mpaka jikoni, akautumbukiza mkono ule kwenye kikaango cha mafuta ya nguruwe yanayochemka. Akaukandamiza humo.

"Sema funguo."

Tenah hakusema. Alifungua kinywa, pumzi tu ikatoka. Mafuta yalimrukia Abram mwenyewe, naye hakuachia. Rinah alikuwa ameshafika, anamvuta nahodha kwa shati, na kisu chake cha chaza kimechomoza mfukoni mwa aproni. Tenah akakinyakua kwa mkono wa kushoto, akakipitisha kichwani pa Abram. Nusu ya sikio ikaanguka kikaangoni, ikaanza kukaangika. Hapo ndipo Abram alipoachia.

Wanawake wakamtoa Abram nje kwa ndoo na mateke. Mkono wa Tenah ulikuwa mweupe pasipostahili kuwa peupe. Rinah akaupaka ute wa mayai, akaufunga kitambaa.

"Twende polisi, dada," Rinah alisema. "Mtu kakukaanga."

"Polisi wa nani? Mzungu akija hapa atatufunga wote wawili, na nyumba ataichukua yeye. Nitakwenda nyumba ya sala."

Na kwa kweli hakuwa na njia nyingine. Kwetu waumini wawili wakigombana, kesi husikilizwa na wazee wa nyumba ya sala. Anayekimbilia mahakama ya mji anatolewa kwenye ushirika, na aliyetolewa hasalimiwi, wala chakula chake hakiliwi. Abram angeweza kutolewa akaendelea kuvua kamba wake. Tenah je, angempikia nani? Wote waliokula kwake walisali nyumba ile.

Jumapili mchana palijaa mpaka madirishani. Mzee Pompey Grayson, kiongozi wa sala, aliwasimamisha wote wawili mbele, Abram na sikio lake lililofungwa, Tenah na mkono wake uliofungwa. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mmoja kachoma, mwingine kakata," alisema mzee. "Nyumba ina madai pande zote mbili, na Renty hayupo tumuulize. Basi desturi iamue. Mtapeana mkono wa kulia, mbele yetu, mpaka wimbo uishe. Atakayenyima mkono, au atakayeuachia, moyo wake si safi. Atatoka, na madai yake yatatoka naye."

Abram aliunyoosha wake kabla mzee hajafunga mdomo, huku anatabasamu. "Wangu huu hapa. Mzee, andika kwamba nimekuwa wa kwanza."

"Hapa hatuandiki."

Tenah akaanza kufungua kitambaa. Kilikuwa kimegandamana na nyama. Akakivuta kwa meno. Waliokaa mbele waligeuza nyuso. Ngozi ilikuwa imejikunja kama soksi iliyovuliwa, na chini yake palikuwa pekundu, pabichi, panavuja maji.

Mzee Grayson akashusha sauti. "Mwanangu, toa wa kushoto. Mungu anaona."

"La, mzee," Abram akadakia. "Desturi ni wa kulia. Kama hawezi, hawezi."

"Umemsikia," Tenah alisema. "Wa kulia."

Akausogeza. Abram aliutazama, tabasamu likamtoka. Akaushika kwa ncha za vidole. Tenah akauzamisha mkono wake ndani ya mkono wa Abram mpaka kifundoni, akabana.

Kuanzisha wimbo ilikuwa kazi ya Rinah. Kiwandani alijua kuuharakisha wimbo chaza zikiwa nyingi, na kuuvuta msimamizi akiwa hayupo. Siku hiyo aliuvuta. Aliuchagua wenye beti tisa, akaburuta kila neno, na mwisho wa ubeti wa pili akaurudia wa kwanza. Mzee Grayson alimtupia jicho. Rinah alikuwa amefumba macho.

Ubeti wa tatu, ngozi ya kiganja ikateleza, ikabaki vidoleni mwa Abram. Maji na damu vikamshukia mkononi, vikaingia ndani ya shati jeupe la Jumapili. Jasho lilimdondoka Tenah kidevuni, akauma mdomo mpaka ukapasuka. Macho hakuyatoa usoni pa shemeji yake.

"Niangalie," alimwambia polepole chini ya wimbo. "Ni yule mpishi uliyesema amepika vya kutosha."

Ubeti wa tano Abram akatapika, juu ya viatu vyake na vya mzee. Akaung'oa mkono wake.

"Ameachia," alisema mzee Grayson.

Abram hakutoka kwa amani. Alipofika kwa Rinah alimpiga ngumi ya mdomo, akamvunja meno mawili, wimbo ukakatikia hapo. Wanaume sita wakamchukua mzobemzobe, wakamtupa kwenye ngazi, wakamfuata kule kule chini. Jumanne alikuwa ameshahamia Savannah, anachechemea.

Jumatatu Tenah alifungua kama kawaida. Vidole vitatu vya mkono ule vilishikana, havikunyooka tena maisha yake yote. Aliwasha moto kwa kushoto, akakoroga kwa kushoto, na aliyetaka kumsaidia alifukuzwa jikoni kwa upawa. Adhuhuri meza tatu zilijaa, wengine wakala wamesimama. Mchukuzi mmoja wa gatini alionja wali, akauma midomo, akasema kwa heshima kabisa, "Mama Tenah, leo wali umeungua chini."

"Kula," Tenah alisema.

Akala.