Kilo Mia Tatu za Papa Wenceslas

Mimi niliinua mkono. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu sita wa kamati leo wanasimulia kana kwamba siku ile walikuwa mbali, huko Butembo harusini. Tulikuwa saba mezani, na sote saba tulimkataa Léoncie.

Léoncie Kahindo ni mzaliwa wa mtaa wa Majengo hapa Goma, binti wa fundi redio. Mwaka 2002 volkano ilimeza duka la baba yake, na mzee alibaki na kisanduku cha bisibisi alichokimbia nacho mkononi. Kwa kisanduku hicho aliwasomesha watoto watano. Léoncie alisomea kompyuta, na Muungano wetu wa wakulima wa kahawa ukamwajiri, maana hakuna mwingine aliyejua kwa nini mashine zetu zilikuwa zinakufa kila mwaka. Ilikuwa vumbi la ile changarawe nyeusi tunayomwaga kila ua hapa Goma, na umeme unaopanda na kushuka utakavyo.

Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kujua kila gunia limetoka shamba lipi. Kwa hiyo wapimaji wetu walizunguka vilima vya Rutshuru na Masisi na simu zao, wakachukua mipaka ya kila shamba na picha ya mwenyewe amesimama kwenye kona. Mashamba elfu nne. Sisi wakubwa tuliona ni mambo ya kuwafurahisha wazungu. Wakulima walielewa kabla yetu. Kule ambako kila uasi unafukuza watu na kuleta wengine, ramani ile ilikuwa ushahidi pekee kwamba shamba ni lako.

Mwaka 2014 tukakaa kuchagua seva, kompyuta ya kuhifadhi ramani hizo. Lazima niseme kilichokuwa vichwani mwetu. Novemba 2012, waasi walipoingia mjini, ofisi yetu iliporwa mpaka mapazia. Kitu kimoja tu kilibaki, mizani ya chuma ya kupimia magunia, kwa sababu kuiinua kunahitaji wanaume wanne. Papa Wenceslas, rais wa Muungano, alikuwa ameijenga hekima yake yote juu ya mizani hiyo.

"Ilibaki juu iko muzito," alisema. "Tununue kitu muzito."

Léoncie alikuja na karatasi yenye maswali ya kuwauliza wauzaji. Mashine inakula umeme kiasi gani? Umeme ukikatika, betri zake zinaishikilia muda gani? Feni zake zinavumilia vumbi? Diski moja ikifa, nyingine inayo yote? Na swali la mwisho, alilolipigia mstari: ina kilo ngapi? Alitaka mashine mbili ndogo, kila moja na nakala kamili, moja Goma na nyingine mbali.

"Ba papa, mimi natafuta mashini yenye mama mumoja anaweza kuweka kwa kichwa, akatembea nayo mpaka Sake," alisema.

Sake ni zaidi ya kilomita ishirini kutoka hapa. Tuliangua kicheko. Mwenzetu mmoja aliuliza kama mama huyo atabeba na mtoto mgongoni. Nilicheka mimi pia, na leo nikikumbuka meno yangu nje namna ile natamani kujipiga kofi.

Tukanunua kabati la chuma lenye seva ndani, kilo mia tatu na zaidi. Liliwekwa ofisini Buhene, pembeni mwa mji upande wa volkano, likachomelewa kwenye nondo za sakafu, likafungwa kufuli mbili. Wageni wakija, Papa Wenceslas aliwapeleka kwanza hapo, waone taa zikimeta. Léoncie alipoomba kupeleka diski ya nakala nyumbani kwake kila Ijumaa, rais alimwita mwizi mbele ya watu. Diski ya nakala nayo ikafungiwa ndani ya kabati lilelile! Funguo zote mbili zilikaa mfukoni mwake.

Miaka saba Léoncie aliitunza mashine asiyoitaka. Alipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, alishona vitambaa vya kuchuja hewa. Hakuna aliyemshukuru.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima wa volkano ukapasuka bila mtu kutuonya. Mtaa mzima wa Majengo ulikuwa barabarani na magodoro. Léoncie alikimbia akielekea ofisini, kule watu walikotoka. Mlinzi alimfungulia mlango wa ofisi, na Léoncie akampigia simu Papa Wenceslas, ambaye alikuwa karamuni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na funguo zake mfukoni.

"Mupaka wamefunga," alijibu. "Lakini usiogope, binti. Ile kabati hakuna mutu anaweza kuibeba."

Kuchomoa diski, ukiwa na funguo, ni kazi ya dakika kumi. Léoncie alipiga kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu, mpaka mlinzi alipomvuta kwa nguvu kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kuwaka. Ni kweli hakuna mtu aliyelibeba kabati lile. Mpaka leo liko palepale, chini ya mawe ya volkano.

Mnunuzi mmoja wa ng'ambo alikuwa na nakala ya mashamba elfu moja. Elfu tatu yalipotea. Miongoni mwao lilikuwa la mama Nyiransengimana, mjane wa vilima vya Jomba huko Rutshuru, karibu na Bunagana. Shemeji yake alikuwa ameng'oa kahawa yake na kupanda mtama, na chifu alimwambia mama alete ramani kama ushahidi. Alikuja mara ya kwanza, tukamwambia angoje. Alikuja mara ya pili, akakuta shemeji amekwisha kujenga. Kupima upya hakukuwezekana, kwani shemeji aliwafukuza wapimaji kwa panga.

Aprili 2022, risasi zikiwa zimeanza tena huko Jomba, tulikaa katika ofisi mpya kuchagua seva nyingine. Papa Wenceslas alipendekeza nini? Chumba cha zege kilimani na kabati kubwa zaidi, lisiloshika moto! Léoncie aliweka mezani seva bapa ya majaribio, kilo kumi na sita.

"Na mwanamuke gani atabeba hiyo, na risasi ziko nyuma yake?" Papa Wenceslas aliuliza.

Mama Nyiransengimana alikuwa kwenye benchi la baraza, amekimbia vita, amekuja mara ya tatu kuulizia ramani yake. Mlango ulikuwa wazi. Aliingia bila kuitwa, akavua kitenge cha juu, akakizungusha kuwa ngata na kuiweka kichwani.

"Muniwekee," alisema.

Mimi na Léoncie tulimtwika. Alivuka ua mpaka getini, mikono imeshuka, akageuka na kurudi kwenye changarawe ile bila kuyumba. Tuliteremsha mzigo. Hakuwa hata anahema.

"Ndani ya hii munaweka shamba za watu wote?"

"Zenye zilibaki, mama, na zenye tumepima tena," Léoncie alimjibu.

"Na yangu?"

Sisi saba tulitazama meza. Ni Léoncie tena, aliyeonya, akachekwa na kuitwa mwizi, aliyelazimika kulitamka: "Yako iliungua, mama."

Mama Nyiransengimana alikunjua ngata, akajifunga kitenge chake taratibu.

"Basi siku ya kukimbia munipigie simu," alisema. "Nitabeba za wengine."

Akatoka. Papa Wenceslas alikohoa, akaitisha kura, na sote saba tukainua mikono kuchagua ile ndogo. Kutoka pale mezani mpaka getini ni hatua thelathini, na mama yule alitembea polepole. Hakuna hata mmoja wetu aliyemfuata kumwomba msamaha.