Boriti Iliyolazwa Kifudifudi

Siku ya majaribio niliomba kimoyomoyo boriti yetu isivunjike mapema. Ikivunjika lazima mtu aeleze, na mimi kusema mbele ya watu ni kama kumeza kokoto. Kundi moja tu lingechaguliwa kwenda maonyesho ya sayansi Kigoma mjini, na nilitaka kwenda, nilitaka mno.

Kazi tulishagawana. Mwenzangu, ambaye huongea hata na mbuzi, alikuwa msemaji. Mimi nilikaa na kompyuta ya shule nikachora boriti ndogo ya zege, urefu wa mkono, waya zikipita ndani upande wa chini badala ya nondo. Programu ikaongeza mzigo taratibu. Ikaonyesha nyufa zikianzia chini, katikati, na kwamba boriti ingebeba ndoo nzima ya mchanga. Ndipo tukamwaga zege kwenye boksi za mbao, boriti mbili, tukazifunika magunia na kuzimwagilia maji kila asubuhi.

Tulipozitoa, upande uliolalia ubao ulikuwa laini kama sabuni. Wa juu ulikuwa mabonde matupu.

"Laini ikae juu," mwenzangu akasema. "Wageni hawapokelewi kwa mgongo."

Nikakubali. Sokoni kwetu Kasulu hata fungu la viazi, vile vizuri ndivyo hukaa juu.

Madam wa fizikia, mwenyeji wa Tanga, akaiweka boriti juu ya meza mbili zilizoachana, akatundika ndoo katikati na kuanza kumimina mchanga. Hata nusu haujafika, boriti ikapasuka upande wa chini, ikaanguka pu, mchanga ukaingia kwenye viatu vya Madam. Darasa zima likacheka.

"Kompyuta yao imeonja pombe ya ndizi," akasema mvulana wa kundi la pili.

"Haya, elezeni," Madam akasema huku akikung'uta kiatu.

Mwenzangu akaniangalia mimi. Yeye, msemaji! Nikaokota vipande. Vilikuwa bado vimeshikana kwa waya, na waya zenyewe zilikuwa upande ule laini.

"Madam, tuliigeuza," nikasema.

"Paza sauti, mwanangu."

"Tuliilaza kifudifudi. Boriti ikibeba mzigo, zege la upande wa chini huvutwa hadi kupasuka, na huko chini hapakuwa na waya."

Sikutaka waniamini hivihivi. Nikageuza mchoro kwenye kompyuta, waya juu, nikaongeza mzigo. Ukavunjika kabla ya nusu ndoo. Vicheko vikapungua.

Boriti ya pili tukaiweka na mabonde yake juu. Mchanga ukapanda. Nyufa nyembamba kama nywele zikatokea chini, katikati, palepale nilipozichora. Ndoo ikajaa pomoni. Boriti ikapinda kidogo, ikashika.

"Mtundikeni na msemaji wao," yule mvulana akasema, safari hii akicheka nasi.

Madam akatuchagua, kwa sharti kwamba Kigoma nitaeleza mimi.

"Afadhali," mwenzangu akasema haraka. "Mimi nitabeba ndoo."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa mdomo," akasema Madam.

Nikasema ndiyo.