Punda Asiyejua Leo ni Siku Gani

Tiiiiii. Kimya. Tiiiiii. Kimya tena.

Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini. Hata sasa, nikiwa Modogashe nachemsha chai ya ayeeyo wangu, yaani bibi yangu, birika likipiga mluzi kidogo tu, shingo yangu hugeuka kutafuta kompyuta.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi na pensheni. Mimi sina vyote viwili. Nina kidato cha nne chenye gredi ambayo mama hupenda kuisahau. Lakini kazi ile nimeshaiaga, na mtu akiaga kazi amestaafu, hata kama bado ana meno yote. Nawaandikia ninyi wasichana mtakaokaa kwenye kiti changu, ili mjue kilikuwa na joto la nani.

Siku hiyo nilikuwa Waberi, kule Garissa mjini, kwenye chumba cha kompyuta cha kituo cha akina mama. Nilikuta mzee aliyevaa macawiis ya mistari, ule msuli wa kwetu, na miwani iliyofungwa kwa uzi, amepiga magoti kando ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu. Kila mtu alimwita Abti, yaani mjomba.

"Naa, unasikia?" akaniuliza bila kugeuka. "Inalia. Inalia nini?"

"Sijui, Abti. Imeharibika?"

"Mtoto akilia ameharibika?"

Nikacheka. "La, ana njaa."

"Basi. Na hii imebata njaa ya kumbukumbu."

Alisema "imebata" kwa sababu kwa Abti herufi p haikuwepo duniani. Kila p ilipofika mdomoni mwake iligeuka b, kama ilivyo kwa wazee wengi wa kwetu waliojifunza Kiswahili sokoni. Akachomoa kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, kama sega. Hicho ndicho kinachoitwa kumbukumbu ya mashine, mahali inapoweka mawazo yake wakati imeamka. Akanipa kifutio cha penseli nisugue yale meno. Nikasugua, akakirudisha, akawasha. Ti! Mara moja tu, fupi. Ndiyo salamu ya mashine iliyo salama, na mpaka leo sijui sauti nyingine ndogo inayofurahisha hivyo.

Mashine zetu zote zilikuwa kuukuu, zilizokwishachokwa na ofisi za watu. Mfumo zilizokuja nao ulikuwa mzito kwao. Ukibonyeza kitu uliweza kwenda kuswali ukarudi kabla hakijafunguka. Kazi yetu ilikuwa kuuondoa na kuweka Linux nyepesi. Linux ni mfumo ambao yeyote anaweza kuuchukua bure na kuushona upya, na ile nyepesi imevuliwa mapambo yote ikabaki na nguo ya kazi. Abti alieleza vizuri kuliko mimi: "Mzee humfundishi kukimbia. Unambunguzia mzigo tu."

Nilipoanza kujifunza amri, alisimama nyuma yangu akinisomea huku mimi naandika kwenye skrini nyeusi.

"Andika abt."

Nikaandika abt. Mashine ikasema haijui amri hiyo.

"Abti, inakataa."

"Imekataa wewe! Nimesema abt. Kwa b."

"B gani, Abti? Ya baba au ya paka?"

"Ya baka!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Aliinama, kidole chake kikagonga p bila kusita, amri ikaenda. Apt, ile ya kuita programu mpya. Tangu hapo nilijua la kufanya. Chochote alichotamka, nilikisahihisha kichwani kabla ya kukiandika. Mimi nilifundishwa na mwalimu wa darasa la pili aliyetusimamisha mstari, kila mtu na kipande cha karatasi mbele ya mdomo, tutamke p mpaka karatasi itikisike. Karatasi yangu ilitikisika kuliko zote. Niliionea fahari hiyo p kama wengine wanavyoonea fahari digrii.

Baadaye Abti alipelekwa Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, akatengeneza mashine chache za kituo cha wasichana kule kambini, kisha akahamishiwa Lafey, karibu na mpaka. Mimi nikatumwa kushika nafasi yake Dagahaley. Nilipokuwa nikimpigia simu kumwomba ushauri kabla ya safari, alikuwa akiniulizia mashine moja tu, kubwa, ya kijivu, ya polepole. "Bunda wangu hajambo?" Alimpa jina hilo kwa sababu, alisema, ana rangi ya punda, anaenda kama punda wa mkokoteni wa maji, na hajawahi kukataa mzigo.

Nilipofika, kwa kweli, hakuwa hajambo. Vumbi lilikuwa limeua zile nyingine, na feni ya punda peke yake ndiyo iliyozunguka. Tena aliwaka na kile kilio, tiiiiii, nikatoa kifutio changu, akanyamaza. Kisha akauliza paswadi. Hakuna mtu kituoni aliyeijua. Kuweka Linux upya sikuweza. Mlango wake wa CD ulikuwa umekabwa na mchanga, na alikuwa mzee mno kukubali kuamshwa kwa flashi. Leo ningejua kumwingia kwa mlango wa nyuma wakati anawaka, lakini wakati ule nilijua nilichofundishwa, basi.

Mkuu wa Kituo, mtu mrefu mwenye kofia ya jua asiyoivua hata ndani ya nyumba, alikuja akasimama mlangoni.

"Lori linarudi Garissa Alhamisi," akasema. "Kisichofanya kazi kinapanda lori, kinauzwa chuma. Nahitaji nafasi ya magunia."

"Huyu anafanya kazi, Mkuu. Ila anataka aitwe jina lake kwanza."

"Mwite basi. Lori halijui majina."

Kando yangu, sakafuni, alikaa Nasteho. Nasteho alikuwa msichana wa kambini, mpole wa uso, mkali wa ulimi. Kliniki ilikuwa inatafuta mtu wa kuingiza habari za wagonjwa kwenye kompyuta, na mtihani wa kuchapa ulikuwa wiki iliyofuata, baada ya lori kuondoka. Hakuwa na kompyuta ya kujifunzia, kwa hiyo alikuwa amekata ubavu wa katoni ya mafuta ya mgao akachora kibodi juu yake, herufi kwa herufi, akiangalia ya punda. Kila alasiri alikaa na ile katoni mapajani, vidole vikitembea tap-tap-tap, macho juu kama anaota. Mimi nilimtazama nikaota naye. Nilimwona kliniki, mezani, feni inapeperusha shungi lake, watu wanasema ngojeni Nasteho aandike.

"Unachapa vizuri," nilimwambia.

"Nitajuaje, Dada? Katoni haigombani na mtu. Nikikosea inanyamaza tu."

Alihitaji mashine ya kumwambia amekosea, na mashine yenyewe ilikuwa inangoja kupakiwa na magunia.

Jumatano nikampata Abti kwenye simu, sauti inakuja na kwenda.

"Abti, nipe paswadi ya mashine ya Dagahaley!"

"Aa, baswadi! Rahisi. Ni jina lake."

"Jina la nani?"

"Jina lake yeye! Yeye mwenyewe! Siku zote namwitaje? Mwite..." Simu ikakatika, na Lafey yote ikawa haipatikani.

Lakini nilikuwa nimeshapata. Nikarukaruka, nikakaa, nikaandika punda. Ikakataa. Punda kwa herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Herufi kubwa zote. Punda wangu, kwa nafasi, bila nafasi. Hata nikaandika kwa Kisomali, dameer. Ikakataa kwa adabu ile ile, kama karani anayekwambia urudi kesho. Jasho lilinitoka mpaka miwani ikateleza.

Nasteho alikuwa ananitazama, katoni mapajani.

"Dada, Abti alimwita nani?"

"Punda."

"Hapana. Wewe ndiye unamwita punda. Yeye alimwitaje?"

"Alisema..." Nikajisikia nikitabasamu kabla sijaelewa kwa nini. "Alisema bunda."

"Sasa mbona unamsahihisha mtu kwa jina la mnyama wake?"

Akainuka, akanisogeza kwa nyonga kama tunavyosogezana jikoni, akaweka vidole. B, u, n, d, a. Hakuangalia kibodi hata mara moja. Mashine ikawaza, ikakoroma kidogo, kisha skrini ikafunguka yote, bluu, safi.

"Wallahi," akasema Nasteho kwa sauti ndogo. "Vidole vinajua."

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi. Apt Abti aliisoma kitabuni, kwa hiyo kidole chake kilijua p. Lakini punda hakumsoma popote. Alimsikia tu njiani, na alipomwandika alimwandika vile anavyoishi mdomoni mwake. Kwake yeye hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye karatasi yangu inayotikisika.

Alhamisi Mkuu wa Kituo alikuja na vijana wawili wa kubeba. Akamkuta Nasteho anachapa, na punda anamgombeza kila akikosea. Akainama kutazama skrini.

"Anaitika sasa?"

"Anaitika, Mkuu," akajibu Nasteho bila kuinua macho. "Sogea kidogo, unaziba mwanga."

Vijana wakacheka. Mkuu akasogea, kisha akawaonyesha zile nyingine. "Chukueni hizo. Huyu abaki. Lakini akilia tena, binti," akanigeukia mimi, "anapanda lori na wewe ukimshika mkono."

Siku chache zilizobaki Nasteho hakumwacha. Mimi nilikuwa na hofu na p yake, maana alikuwa anaandika bumu badala ya pumu, ule ugonjwa wa kubana kifua. Nikaanza kumtafutia karatasi ya kuweka mbele ya mdomo. Akanizuia.

"Nitaiandika kwa p, Dada, nimeshaiona. Lakini mgonjwa akija akasema bumu, nitamwelewa mimi kabla ya daktari."

Waliomtahini nadhani waliona hivyo pia, maana walimchukua. Ukienda kliniki leo utamkuta mezani. Feni yenyewe ni mbovu, hiyo niliiota zaidi ya ilivyo, ila shungi ni lile lile.

Kuhusu punda nina jambo moja la mwisho. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo kama sarafu, inayoifanya ikumbuke saa na tarehe hata ikizimwa. Ya punda ilikuwa imekufa zamani. Kila asubuhi aliamka akiamini ni Januari mosi ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaanza shule, na akaanza kulalamika kwamba faili za jana zimeandikwa siku ambayo bado haijafika. Mimi ndiye niliyemwambia tarehe, kila asubuhi. Betri ningeweza kuagiza Garissa mapema, lakini niliipenda kazi ile. Mara nyingine nilimwacha dakika chache na Januari yake, nikafikiri jinsi kwake sote bado tuko mbele, hatujafika, na kila kitu kizuri bado kinakuja.

Kisha macho ya ayeeyo yakapotea kabisa, na mimi ndiye mjukuu asiye na mtoto wa kunishika. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Nasikia siku hizi Linux nyingi zimeacha kuhudumia mashine za umri wa punda. Mafundi wachache waliobaki bado wanazishonea nguo, na mimi huwaombea dua bila kuwajua. Hapa Modogashe humsimulia ayeeyo mambo ya kompyuta jioni, naye huniuliza kama yule mnyama amekula.

Siku yangu ya mwisho kule Dagahaley nilifika kabla ya wasichana. Nikafungua ubavu wa punda, nikampuliza vumbi, nikang'oa betri kuukuu kwa kucha, nikaweka mpya. Nikamwasha, nikamwambia tarehe. Kisha nikamzima, nikachomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni pale Nasteho alipokuwa akikaa na katoni yake, nikangoja apoe.

Nikachomeka tena. Ti. Akauliza jina lake, nikaliandika kwa b. Na pale pembeni ya skrini, bila kuambiwa na mtu, akaandika siku ya leo.