Kwa Wanawake wa Kibiti Wanaoomba Wakitembea

Nilikwenda Kibiti kwa sababu nilitumwa. Mimi ni katibu wa wanawake katika usharika wetu mjini Morogoro, na tulikuwa tumezika wenzetu wawili ndani ya mwaka mmoja, wote kwa kiharusi. Mmoja wetu akaleta habari kwamba huko Kibiti, mahali ambapo Waislamu ndio wengi na makanisa ni ya kuhesabu, kuna kikundi kidogo cha wanawake Wakristo wanaoamka alfajiri, wanaomba, kisha wanatembea kwa miguu mpaka jua litoke, na wanasema kutembea huko ni sehemu ya ibada yao. Kikao kikaamua mtu aende akaone, arudi aseme kama ni jambo la kweli au ni hadithi tu.

Kunichagua mimi kulikuwa kichekesho. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na mbili, mnene, na nikitoka ofisini mpaka darasa la mwisho huwa naanza kipindi kwa kukaa kwanza. Halafu kulikuwa na jambo ambalo kikao hakikulijua. Nina presha. Nilikuwa nimeandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, na nilikuwa nimeviacha tangu mwezi uliotangulia. Niliombewa kwenye mkutano wa maombi, nikajisikia mwepesi kabisa, nikaona kwamba nikiendelea kumeza dawa nitakuwa namwambia Mungu sijamwamini. Sikumweleza mtu yeyote, hata mume wangu.

Siku ya Jumatano nililala Mbagala kwa mdogo wangu, na asubuhi yake nikapanda basi la barabara ya Kilwa. Nilikaa dirishani. Baada ya Mkuranga nyumba zilipungua, mikorosho na minazi ikaongezeka, na kila basi liliposimama akina mama walileta machungwa na korosho za kukaanga mpaka usawa wa uso wangu. Nilikula korosho njia nzima huku nikijiuliza ni wanawake wa namna gani hao ninaokwenda kuwaona. Niliwawazia vijana, wembamba, wenye nguo za michezo kama wale wa kwenye televisheni.

Saa sita mchana nilishuka Kibiti. Aliyenipokea alikuwa mama mrefu wa miaka sitini na kitu, gauni la kitenge, kilemba, na chini yake raba za bluu zilizokwisha soli upande mmoja. Ndiye Nesi Eliamani, mwenyeji wangu. Alikuja huku kikazi akiwa binti kutoka Upareni, akafanya kazi ya uuguzi na ukunga mpaka akastaafu, na mji mzima bado unamwita Nesi. Nilimwamkia, akanipokea begi, nikageuka kuwatazama madereva wa bodaboda. Akaniambia kwa upole kwamba kwake si mbali, tutatembea. Haikuwa mbali kweli, lakini nilisimama mara tatu nikijifanya kutazama maduka. Nesi naye alisimama mara tatu, akinitazama kama mtu anayesoma.

Jioni hiyo, tukiwa jikoni, nilimuuliza jambo lilianzaje. Akasema lilianza na magoti. Siku moja kwenye ibada ya wanawake waliambiwa wapige magoti, na nusu yao wakabaki wamekaa. Hawakuwa wakaidi. Magoti yalikataa, wengine viuno, wengine waliogopa kwamba wakishuka hawatainuka. Aliwatazama akakumbuka wagonjwa wote aliowahi kuwaambia wapunguze chumvi na watembee, wakamjibu kwamba hawana nafasi. Wiki iliyofuata akawaambia: mwili huu Mungu ametukabidhi na anakaa ndani yake, basi tusiutunze vibaya kuliko tunavyotunza jengo la kanisa, ambalo tunalifagia kila Jumamosi. Wanne walikubali. Sasa hawakosi kumi na watano.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilitoka naye. Nje ya kanisa dogo la bati walikuwa wamesimama wanawake, na hakuna hata mmoja aliyefanana na wale niliowawazia. Kulikuwa na mwuza mboga, karani wa mahakama, mama lishe wawili, bibi mmoja mwenye fimbo. Wote wamejifunga kanga juu ya suruali au dera, kwa heshima ya mji. Wakaomba kwa kifupi, wakiwataja wagonjwa kwa majina, kisha tukashika njia ya mchanga inayokwenda kwenye mashamba ya mikorosho. Kila walipofika mahali fulani mmoja alisema jina la mtu au jambo, na wote walinyamaza wakiliombea kwa hatua mpaka mwingine aliposema jingine. Niliuliza kama hawachoki kuunganisha vitu viwili kwa pamoja. Yule bibi mwenye fimbo akanijibu kwamba akiomba amekaa husinzia.

Waliniambia kwamba miezi ya mwanzo watu walikuwa wakitoka majumbani kuwauliza msiba uko wapi, maana kundi la wanawake wanaotembea alfajiri kwa kimya huwa linakwenda kuzika. Wengine walichukua kanga zao kabisa na kuwafuata.

Mmoja wa waliowafuata hivyo hakurudi tena nyuma. Anaitwa Bi Mwanaidi, Mwislamu, mzaliwa wa Mbuchi huko deltani, mto unapoingia baharini, jirani yake Nesi ukuta kwa ukuta. Akishaswali alfajiri hutoka na kuwasubiri kwenye kona. Wao wakiomba kwa namna yao, yeye huomba kwa namna yake, na hakuna anayemvuta mwenzake. Nilimuuliza yeye anapata nini kwa wanawake wa kanisani.

"Nilikuwa naswali juu ya kiti, mwalimu," akasema. "Miaka mitatu. Paji la uso halijagusa mkeka. Sasa nasujudu kama binti. Hawa wenzangu wanatafuta magoti yao, na mimi nikayatafuta yangu."

Jumamosi asubuhi tulikwenda bandari ya Nyamisati, Nesi, Bi Mwanaidi na mimi. Kila mwezi wawili wa kikundi huvuka kwenda Mbuchi kumtembelea Mwalimu Neema, binti kutoka Njombe aliyepangiwa shule ya huko. Yeye ni Mkristo, hana kanisa karibu, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza miezi minne nyuma. Tangu ajifungue alikuwa amejifungia ndani, hali chakula vizuri, hapati usingizi, anasema mwili si wake. Bi Mwanaidi alikuwa anakwenda kuwaona ndugu zake, na aliniambia nitahitaji mtu anayejua matope. Nilidhani anatania.

Bandarini boti yetu ilichelewa kwa ajili ya mizigo, na tulipoondoka maji yalikwisha kuanza kupwa. Boti iliingia kwenye mkondo uliobanwa na mikoko kila upande, mizizi imetoka nje kama vidole, na harufu ya chumvi na majani yaliyooza. Nilitazama kila kitu: ngedere juu ya matawi, mafungu ya boriti za mikoko zikisubiri kupakiwa, mwanamke peke yake katika mtumbwi akipiga kasia bila haraka, mabega yake yamejaa kama ya mwanariadha. Nesi alisema wanawake wa huku hawahitaji kufundishwa mazoezi. Wanaohitaji ni sisi tunaokaa kwenye viti vya ofisi.

Kabla ya kufika Mbuchi boti ilikwama. Nahodha akasema ama tusubiri maji mpaka jioni, ama tushuke tutembee, si mbali. Abiria wote wakavua viatu na kushuka kama watu wanaoshuka kitandani. Bi Mwanaidi akanionyesha pa kukanyaga, karibu na mizizi, nisisimame muda mrefu mahali pamoja. Jua lilikuwa kichwani. Kila hatua tope lilinishika mpaka gotini na kila mguu nilioung'oa ulikuwa mzito kuliko uliotangulia. Nilisikia moyo unapiga masikioni. Kisha kisogo kikauma, mikoko ikaanza kucheza mbele ya macho yangu, na mkono wa kushoto nikausikia kama wa mtu mwingine. Nilijua hasa ninachokiogopa, kwa kuwa wenzetu wawili tuliowazika walianza hivyohivyo. Nikamshika Bi Mwanaidi kanga nikakaa palepale kwenye tope.

Hawakupiga kelele. Bi Mwanaidi alinipitisha mkono chini ya kwapa, wanaume wawili wa kwenye boti wakarudi, wakanibeba mpaka kwenye ardhi ngumu, chini ya kivuli cha banda la kukaushia samaki. Nesi, akitafuta dalili za kiharusi, akaniambia nitabasamu, ninyanyue mikono yote miwili, nitaje jina langu. Niliweza. Akatoa kwenye mkoba kipimo cha presha, akapima, akapima tena mkono wa pili. Niliona uso wake umebadilika. Aliuliza dawa zangu ziko wapi.

Nilimwambia ukweli. Nilimweleza maombi, wepesi niliousikia, na hofu yangu ya kumkosea Mungu imani. Nilisema nikiwa natazama miguu yangu yenye tope, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilitarajia anigombeze, au anipe somo. Alifunga kipimo chake.

"Nimezalisha wanawake wa wilaya hii miaka thelathini," akasema. "Kila aliyelala kitandani nilimwombea. Na kila mmoja, kabla sijamgusa, nilinawa mikono. Sikuwahi kuona kwamba sabuni inamtukana Mungu."

Zahanati haikuwa mbali. Tabibu kijana alinipima, akanipa dawa, akanilaza mpaka alasiri na kunipima tena mara mbili. Akasema haikuwa kiharusi, lakini kama ningeendelea hivyo, ningekipata. Akaniagiza nikirudi Morogoro niende kliniki siku ya kwanza ya kazi, na nisiache tena kidonge chochote bila kumwuliza aliyekiandika. Bi Mwanaidi alikaa pembeni ya kitanda muda wote, ndugu zake wakapelekewa salamu badala ya kutembelewa.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimekaa kwenye benchi barazani kwa Mwalimu Neema, nimekatazwa kuinuka. Kwa hiyo nililoliona nililiona nimekaa. Nesi aliingia ndani, na kupitia dirishani niliwasikia wakiomba kwa sauti ndogo. Kisha akatoka na yule binti, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga, wakaanza kuzunguka uwanja wa mpira wa shule. Bi Mwanaidi akajiunga nao. Mzunguko wa kwanza Neema alitazama chini. Wa tatu alikuwa anaongea. Baada ya huo sikuhesabu tena, ila waliporudi jasho lilikuwa linamtiririka na mtoto amelala fofofo.

Alikaa karibu nami akala wali na samaki mpaka akaongeza. Nilimuuliza, kwa kuwa nilitaka kuelewa na si kwa ajili ya taarifa, anadhani kinachomsaidia ni nini, maombi au kutembea.

"Sijui, mama," akasema. "Nilikuwa naomba nimelala nimegeukia ukuta, nikiomba Mungu aniinue. Nesi akaja akanishika mkono akaniinua. Mimi nimehesabu kwamba nimejibiwa."

Jumatatu, maji yakiwa yamejaa, tulirudi Nyamisati bila kukanyaga tope, na Jumanne nikapanda basi la kurudi. Wale wa alfajiri walikuja kuniaga kituoni wakitokea matembezini, raba zao zina mchanga. Hawakunipa ushauri. Yule bibi mwenye fimbo alinishika kichwa akaniombea, akamaliza kwa kumwomba Mungu anikumbushe dawa kila asubuhi. Sikuwahi kusikia maombi ya namna hiyo, nikacheka na kulia kwa pamoja.

Morogoro nilianzia kliniki, kisha nikamweleza mume wangu. Yeye alichukua vile vidonge kutoka kwenye kabati akaviweka juu ya meza ya chakula.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wanawake kutoa taarifa. Nilikuwa nimeiandika vizuri, kikundi kilivyoanza, njia wanayopita, wanavyoomba. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona kwamba nadanganya kwa kunyamaza. Nikaiweka karatasi chini na kuwaambia kuhusu presha yangu, vidonge nilivyoviacha, na tope la Mbuchi. Niliwaambia nililojifunza: kwamba nilikuwa nimemwachia Mungu kazi aliyonipa mimi, nikaiita imani, na kwamba kule nilikutana na wanawake wanaomwamini kuliko mimi, ambao kwa sababu hiyo hiyo wanaamka, wanatembea, wanapima presha na wanakunywa dawa zao. Niliketi nikidhani nimewaudhi, hasa wale walioniombea.

Watu walipokuwa wanatoka, Mama Lusajo, kiongozi wa kwaya yetu, alibaki akikusanya vitabu vya nyimbo vilivyokwisha kukusanywa. Alipohakikisha tumebaki wawili alikuja akakaa karibu nami.

"Mimi nina sukari," akasema. "Nimeacha dawa tangu Pasaka."

Nilimuuliza anajisikiaje. Akasema vidole vya miguu havisikii kitu. Nikamwambia kesho asubuhi nitampitia, tutakwenda kliniki pamoja, na kama miguu itakubali tutakwenda kwa kutembea. Alinitazama, akauliza saa ngapi.