Bila Kitenge Mtoto Hatoki

Habari za msiba zilinikuta nikinywa chai: yule mama aliyelea watoto wa wauza mchele wa Tunduma amefariki. Nikaweka kikombe chini, nikasikitika kweli. Wasomaji wangu wa mbali mtauliza alikuwa nani. Hakuwa kiongozi wa chochote. Alikuwa mjane wa Kinyiha aliyetoka kwenye mibuni ya Mbozi miaka ile biashara ilipofunguliwa na mpaka wetu na Zambia ukachangamka. Alikuta wanawake wakipima mchele huku watoto wakilia chini ya meza, akawakusanya uani kwake, jirani na soko. Siku ya kwanza kila mama alikata utepe kwenye pindo la kitenge chake, ukafungwa mkononi mwa mtoto. Aliyekuja kumchukua alitakiwa aje na kitenge hicho.

Mimi nilikuwa karani wa wakala wa forodha, mshahara mdogo, maringo makubwa. Nilishaamua mke wangu aache kizimba chake cha mchele pale sokoni akalee binti yetu nyumbani. Siku moja adhuhuri nikaenda kumchukua mtoto bila kumwambia mwenzangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kitenge kiko wapi?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Nakujua, mmefanana mpaka masikio. Lakini bila kitenge mtoto hatoki."

Nikaenda sokoni nimevimba. Mke wangu alikuwa na wateja watatu waliovuka kutoka Zambia, mmoja akimbembeleza kwa kumwita mama kwa Kibemba, "Bamayo, ongeza kidogo." Akafungua kitenge kiunoni, akanikabidhi mbele yao.

"Mchukue, baba. Ila kizimba kikifungwa wiki mbili anapewa mwingine, na mimi sitakipata tena."

Nikarudi na kitenge begani, soko zima likinitazama. Binti yangu alikuwa amelala mkekani, shavu limeganda uji, hana habari na mimi. Yule mama akalinganisha utepe na pindo, akasema haya, ni wako. Nikamwomba abaki naye hadi jioni. Hakunicheka. Alinimiminia uji, nikanywa.

Kizimba hakikufungwa, na ndicho kilichomsomesha binti huyo. Watu wa Tunduma tunapenda kusifu malori na wafanyabiashara wetu, lakini ni nadra kuuliza nani aliwashikia watoto.

Ndugu wa marehemu waliniomba niandike wasifu wake, eti mimi ndiye mwenye kalamu. Penye kazi niliandika, bila kufikiri, "mama wa nyumbani". Mke wangu akausoma, akaninyang'anya kalamu, akafuta. Siku ya mazishi vizimba vya mchele vilifungwa kutwa nzima, maana wenyewe wote walikuwa Mbozi, kwao marehemu, wamesimama kaburini. Nikawasomea alichoandika mwenzangu: "Kazi yake: alifungua soko la mchele la Tunduma, kila asubuhi, miaka ishirini." Wakaitikia kwa pamoja kwamba ni kweli. Nami na mvi zangu nimejifunza, kabla ya kuandika kwamba mtu hakuwa na kazi, nianze kwa kuuliza ni wangapi walifanya yao kwa sababu yeye alikuwapo.