Tulivyomjibu Mtafiti wa Mbaazi

Mtafiti yule alipokuja kwetu Bonga alisema utafiti wake ni shirikishi, kwamba sisi wakulima ndio walimu wake. Tukampenda. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, nikapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzangu wampe vipande vya mashamba ajaribu mbegu zake za mbaazi.

Siku moja, tukiwa kikaoni, alituomba tueleze shida tulizopitia. Nikasimulia jinsi mwaka wa ukame, muda mfupi baada ya kumzika mume wangu, nilivyochemsha mbegu nilizozitunza za kupanda nikawapa wanangu. Nililia. Alikuwa akirekodi kwa simu, nami nikadhani ni kwa kumbukumbu ya kikundi.

Baadaye alinialika kwenye semina mjini. Nilivaa kitenge cha kanisani, nikaenda na binti yangu. Taa zikazimwa, nikajiona ukutani, nikilia. Mtafiti akasema kwenye kipaza sauti, "Huu ndio ujinga tunaopambana nao. Mama anakula mbegu!"

Ukumbi ukacheka. Binti yangu hakuniangalia mpaka tunafika nyumbani.

Sikumgombeza mtafiti. Nilingoja.

Mbaazi zilipokomaa akataka kuwaleta wafadhili wake waongee nasi shambani. Nikapita tena nyumba kwa nyumba. "Twendeni wote, tupendeze," niliwaambia. "Ila wakituuliza, jibu letu liwe moja."

Wageni walimuuliza mama wa kwanza ni mbegu ipi iliyomfaa. Akainama kwa adabu. "Sisi ni wajinga. Muulizeni mtaalamu."

Wa pili akajibu hivyo hivyo. Wa tatu pia. Jasho likamtoka mtafiti, akanivuta kando.

"Mama, nakuomba, utaniharibia kazi."

"Mwanangu, mimi si ndiye ninayekula mbegu? Nitajua nini?"

Mgeni mmoja, mwanamke, akasogea kuuliza kuna nini. Nikamweleza habari ya ule ukumbi, mtafiti akiwa amesimama hapo hapo. Waliondoka bila kugusa chakula tulichowapikia. Tulikila wenyewe, na kilikuwa kitamu.

Hakurudi tena. Mradi ukahamia kijiji cha Nakwa na mbegu zake, na wapo wenzangu wanaonilaumu hadi leo. Padri alinisihi nisamehe, nikamwambia nitajaribu. Sijajaribu. Nikikumbuka uso wa mtafiti ulivyobadilika mbele ya wageni, nasikia raha, na sitaki raha hiyo iishe.